Herufi, Pumzi na Mahali: Usanifu wa Maandishi ya Ushairi katika Uhalisia Pepe

Kwa muda mrefu uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umeshughulika na sauti na maana, na kuyaacha maandishi yenyewe mikononi mwa wapiga chapa. Vina na mizani vimejadiliwa kwa marefu na mapana tangu Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na mabishano ya miaka ya 1970 juu ya mashairi yasiyofuata kaida hizo yanajulikana na kila mwanafunzi wa taaluma hii. Lakini swali la herufi, yaani ukubwa wake, mahali zinapokaa na nafasi iachwayo baina yake, halikuulizwa mara nyingi. Swali hilo sasa limeingia kwa mlango usiotazamiwa, kwa sababu viko vyombo vinavyomwezesha msomaji kusimama ndani ya shairi, maneno yakiwa mbele yake, nyuma yake na juu ya kichwa chake. Anayeyapanga maneno hayo hana ukurasa wa kumwongoza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika hali hiyo kanuni za ushairi wa Kiswahili zina mengi ya kumpa msanifu, na kwamba herufi zitakuwa na hisia ya kweli zikifuata pumzi ya ubeti, si zikijaribu kuchora maana ya kila neno.

Uhalisia pepe ni mandhari iliyoundwa kwa kompyuta, ambayo mtazamaji huiona pande zote kwa kuvaa miwani maalumu au kwa kuingia katika chumba ambacho kuta zake ni viwambo. Akigeuza kichwa, mandhari nayo hugeuka ipasavyo, hivi kwamba hujiona yumo ndani yake. Chombo cha kwanza cha aina hiyo kuvaliwa kichwani kilionyeshwa na Ivan Sutherland huko Marekani mwaka 1968, nacho kilikuwa kizito hata ikabidi kitundikwe darini. Jina lake la Kiingereza lilienezwa na Jaron Lanier mwishoni mwa miaka ya 1980. Jina la Kiswahili linastahili kutazamwa kidogo, maana kwa mkulima wa mpunga pepe ni punje isiyo na kiini, ile inayopeperushwa na upepo wakati wa kupeta. Hata kama halikuteuliwa kwa sababu hiyo, linabeba onyo ambalo lile la Kiingereza halina.

Ama wazo la kuzifanya herufi zishiriki katika hisia za shairi, hilo ni la kale kuliko mashine hizi. Shairi la Stéphane Mallarmé juu ya mrusho wa kete, lililotolewa kwanza mwaka 1897, liliyatawanya maneno katika weupe wa kurasa kwa herufi za ukubwa mbalimbali. Guillaume Apollinaire alitoa diwani yake ya Calligrammes mwaka 1918, ambamo mistari hujikunja ikawa picha. Kundi la Noigandres, lililoanzishwa São Paulo mwaka 1952, lilikwenda mbali zaidi na kulifanya neno lenyewe kuwa kitu cha kutazamwa. Wote hao, hata hivyo, walifungwa na karatasi, na msomaji alibaki nje akitazama ndani.

Mtu wa kwanza kumwingiza msomaji mwenyewe kati ya herufi kwa mafanikio yaliyojulikana sana alikuwa Jeffrey Shaw, msanii mzaliwa wa Australia, katika kazi yake The Legible City iliyoanza mwaka 1989. Mtazamaji alipanda baiskeli isiyokwenda popote, mbele yake kikiwa kiwambo kikubwa, na kila alipokanyaga pedali alipita katika mitaa ambayo majengo yake yalikuwa herufi. Mtaa mmoja ulikuwa sentensi moja. Kukata kona kulikuwa kuacha habari moja na kuingia nyingine. Toleo la kwanza lilihusu Manhattan. Katika yale ya Amsterdam (1990) na Karlsruhe (1991) kila herufi ilipewa kimo cha jengo halisi lililosimama mahali pale. Ukubwa wa herufi, basi, haukutokana na uzito wa neno wala pendo la msanii, bali na mji wenyewe. Kanuni ilikuwa nje ya maandishi, na msomaji aliweza kuihisi hata kama hakuambiwa.

Mwaka 1992 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago walionyesha chumba walichokiita CAVE, ambamo picha humulikwa kutani na sakafuni na watazamaji huvaa miwani myepesi. Chuo Kikuu cha Brown kilikuwa na chumba cha namna hiyo, chenye kuta tatu na sakafu, na kuanzia mwaka 2002 mwandishi wa riwaya Robert Coover aliwaongoza wanafunzi kukitumia kwa fasihi. Huko ndiko ilikotungwa Screen, kazi ya Noah Wardrip-Fruin na wenzake, ambayo yafaa ielezwe kwa urefu kwa kuwa bado ni kipimo kizuri cha sanaa hii.

Msomaji wa Screen huingia chumbani na kukuta maandishi yametulia kutani. Yanahusu kumbukumbu, na sauti huyasoma. Kwa muda hakuna linalotukia. Kuta ni kurasa tu. Kisha neno moja hubanduka na kuelea kumwelekea. Akilipiga kwa mkono hurudi ukutani, lakini huenda lisirudi mahali lilipotoka. Huenda pia likavunjika vipande. Linabanduka la pili, la tatu, na kasi inaongezeka mpaka mikono haitoshi. Mwisho yaliyosalia hung'oka kwa pamoja, yakamzunguka msomaji na kuporomoka. Herufi zenyewe hazina madoido yoyote. Hazikupambwa wala kupindwa zifanane na kitu. Hisia yote imo katika kitendo: msomaji anajitahidi kuirudisha kumbukumbu mahali pake, na jitihada hiyo hiyo ndiyo inayoivuruga.

Kazi hii ikilinganishwa na nyingine nyingi zilizofuata, tofauti inaonekana upesi. Wasanifu wengi wanapopewa shairi la kuweka katika mandhari ya uhalisia pepe huanza na maneno yenye umbo. Neno "mvua" hudondoka, neno "moto" huwaka, neno "ndege" hupaa. Jambo hili hufurahisha mara ya kwanza, na mara ya pili huchosha, maana msomaji ameambiwa jambo lile lile mara mbili, na mara ya pili kwa ufasaha mdogo. Zaidi ya hayo, mwendo huo hukata pumzi ya ubeti. Jicho hukimbilia kinachosogea, na neno lenye mwendo hulipokonya kina neno linalostahili kusikika. Sitiari ndiyo huumia kuliko zote: mtunzi akisema moto naye anakusudia mapenzi, miali inayoonekana machoni huirudisha sitiari kuwa kuni.

Hapa ndipo panapohitajika hesabu kidogo. Jicho zima la mwanadamu huweza kutofautisha nukta yapata 60 katika kila digrii moja ya pembe ya kuona. Miwani ya Oculus Rift iliyouzwa mwaka 2016 ilikuwa na pikseli 1080 kwa 1200 kwa kila jicho, zikitandazwa juu ya mandhari pana, hivyo kila digrii ilipata pikseli 11 au 12 tu. Meta Quest 3 ya mwaka 2023 ilifikia yapata 25. Herufi ndogo ya kitabu, yenye kimo cha milimita 2, ikishikwa sentimita 40 kutoka machoni huchukua kama robo ya digrii na ziada kidogo. Katika miwani ya mwaka 2016 herufi hiyo ingepata pikseli 3, ambazo hazitoshi kuchora "a" ikatofautiana na "e". Ndiyo sababu herufi za mandhari hizi hazina budi kuwa kubwa. Kimo cha digrii moja ni kadiri ya kufaa, yaani sentimita 3 na nusu kwa maandishi yaliyowekwa umbali wa mita 2.

Sasa uchukuliwe mshororo wa mizani 16, uliotungwa hapa kwa ajili ya mfano tu: Jahazi latia nanga, na pwani watu hawapo. Ukihesabiwa pamoja na nafasi na mkato una alama 40, na kwa herufi zenye kimo cha digrii moja utatanda yapata digrii 40 kutoka mwanzo hadi mwisho. Macho huzunguka kwa wepesi kama digrii 15 au 20 kila upande, kisha kichwa huanza kugeuka. Mshororo mzima, basi, uko ukingoni mwa uwezo wa macho, lakini kipande kimoja, ukwapi au utao, hutosha kwa mtazamo mmoja bila taabu. Mkato uliowekwa na kaida baina ya mizani ya nane na ya tisa unaangukia pale pale ambapo shingo ingependa kupumzika. Mashairi ya lugha nyingine yenye mistari mirefu isiyo na kituo cha lazima hukatwa na msanifu apendavyo. La Kiswahili limekwisha kukatwa na mtunzi, na kukatwa kwake kuna sababu za sauti.

Kutokana na hayo, ukwapi unaweza kuwekwa upande mmoja na utao upande wa pili, baina yake ikiachwa nafasi inayolingana na pumzi. Msomaji ataugeuza uso kidogo kwa kila mshororo, kushoto kisha kulia, na mwendo huo utakuwa wa mizani. Vina vya kati vitasimama safu moja, vina vya mwisho safu nyingine, kila safu mahali pake. Hakuna herufi iliyopaswa kucheza.

Utendi unaleta suala jingine, ambalo historia ya ukurasa inalieleza vizuri. Katika hati nyingi za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ubeti wa utendi huandikwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitengwa kwa nukta au alama ndogo ya mapambo, mara nyingine kwa wino mwekundu. Kwa kuwa kina cha kipande cha nne hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kina hicho huangukia ukingo wa kushoto wa ukurasa, kikashuka chini kama uzi wa mshono. Msomaji aliiona bahari ya utendi kabla hajaisoma. Walipokuja wahariri wa herufi za Kirumi waliupanga ubeti katika mistari minne, na kina cha bahari kikawa kimoja kati ya vinne, kimefichwa chini ya kila ubeti kama vile hakina cheo. Hakuna aliyekusudia kuharibu. Ni ukurasa uliotumika ndio uliozaa sura hiyo, nayo leo hufundishwa shuleni kana kwamba ndiyo umbo la asili la utendi.

Mandhari isiyo na kurasa inaweza kuurudisha uzi huo. Vipande vitatu vya kwanza vya ubeti vitokeze popote mandhari inapodai, karibu au mbali, juu au chini. Lakini cha nne kitokeze daima mahali pamoja, ili macho ya msomaji yarudi hapo beti mia au elfu, kama mtumbwi unavyorudi kwenye kigingi chake. Katika utendi mrefu wa vita, ambamo habari hutawanyika huku na huko, mahali hapo pamoja patakuwa na nguvu kuliko rangi yoyote. Kipande hicho kisiwekwe karibu mno: lenzi za miwani nyingi zimewekewa umbali mmoja wa kulenga, na maandishi yaliyo chini ya nusu mita huyavuta macho mawili ndani na kuyachosha. Wala kisifungwe kwenye kichwa cha msomaji kikamfuata kila ageukapo, kwani kitu kisichoweza kuepukwa hakirudiwi, na kina ni jambo la kurudiwa.

Kibwagizo nacho kina haki yake. Katika shairi linaloimbwa, mshororo wa mwisho unaorejea huwa umekwisha kukaa katika masikio ya wasikilizaji baada ya beti mbili, nao huupokea pamoja na mghani. Hakuna haja ya kuuandika tena mbele ya macho ya mtu anayeujua. Ufaao ni usikike kutoka nyuma yake, kwa sauti za watu wengi, maandishi yakiwapo kwa yule atakayegeuka kuyatafuta. Sauti katika mandhari hizi huweza kupewa mahali kama vile herufi zinavyopewa, na usanifu unaosahau hilo umebaki na nusu ya chombo.

Huenda mtu akauliza kama maandishi ya kuzungukwa nayo si jambo geni kwa utamaduni wenyewe. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mihrabu, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Herufi zake zimeunganishwa na jengo, na anayezisoma amesimama mbele ya kibla. Kanga ni mfano wa karibu zaidi. Jina la kanga huandikwa kwa maneno machache ya kuonekana kwa mbali. Hutembea na mvaaji, hukunjika na nguo, na mara nyingi husomwa na yule aliyeachwa nyuma, ambaye huenda ndiye aliyekusudiwa. Maana ya maneno yale yale hubadilika kwa kadiri ya nani amevaa, anapita wapi, na nani yuko barazani wakati huo. Msanifu anayetaka kujua namna mahali pa msomaji panavyoweza kuwa sehemu ya maana hana haja ya kuanzia Chicago.

Mashairi huru yanahitaji kutazamwa kwa jicho jingine. Tangu Kichomi ya Euphrase Kezilahabi (1974), na zaidi katika diwani za Kithaka wa Mberia kama vile Mchezo wa Karata (1997) na Bara Jingine (2001), nafasi tupu na mpangilio wa maneno ukurasani umekuwa sehemu ya utungo wenyewe. Hapa msanifu hana mizani ya kumshika mkono, bali ana ukurasa wa mtunzi, nao ni maagizo. Weupe ulioachwa na mtunzi ni kimya kilichopimwa; ukigeuzwa kuwa anga lisilo na mwisho hautakuwa kimya tena, utakuwa utupu. Mashairi ya aina hii, ambayo wengi wangedhani ndiyo yanafaa zaidi kwa mashine mpya, yamkini ndiyo yanayodai tahadhari kubwa zaidi.

Liko pia suala la upweke. Miwani humtenga msomaji na walio kando yake, ambapo ushairi wa Kiswahili kwa sehemu kubwa umeishi mbele za watu. Katika chumba cha CAVE watu kadhaa waliweza kusimama pamoja, ingawa mandhari ilipangwa kwa macho ya mmoja wao tu, aliyefuatwa na mitambo. Wengine waliona picha iliyopinda kidogo na wakalazimika kwenda na yule mmoja. Hali hiyo ilihesabiwa kuwa kasoro ya mitambo. Kwa aliyewahi kuketi akimsikiliza mghani mmoja akiongoza na wengine wakifuata, haikosi kufanana na jambo linalojulikana.

Lililobaki ni la kiufundi, lakini limeshika mlango. Herufi za Kiarabu huungana, na kila moja hubadili sura kwa kadiri inavyosimama mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Mwandishi wa hati huweza pia kuurefusha mstari unaoziunganisha, na kipaji hicho kingefaa sana katika mandhari ambamo urefu wa herufi ungeweza kufuata urefu wa sauti katika kughani. Lakini kwa miaka mingi programu mashuhuri zinazotumiwa kuunda mandhari hizi, ambazo asili yake ni michezo ya kompyuta, hazikujua kuziunganisha zenyewe. Neno lililoingizwa lilitoka herufi mojamoja, zimeachana, na zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Viongezo vya kurekebisha vimetungwa, lakini anayevihitaji sharti ajue kwamba kuna kosa. Msanifu asiyesoma hati hizo hataliona. Ataweka utendi wa Pate au wa Lamu hewani, mkubwa na wenye mwanga, kila herufi mahali pake kadiri ajuavyo yeye, na anayeweza kuusoma akiingia hatapata hata neno moja.